Hemofilia kali, jeni "safi": uchambuzi wa kisa kimoja cha Nairobi

Mtoto wa kiume wa miezi 11, mkazi wa Kayole, aliletwa hospitalini akivuja damu mdomoni kwa siku ya tatu. Alianguka akijifunza kusimama, akachanika kijinyama kinachounganisha mdomo wa juu na ufizi. Jeraha lenyewe halikufika nusu sentimita. Damu haikuruka. Ilichuruzika polepole, ikafanya bonge laini jeusi juu ya ufizi, bonge likang'oka kila aliponyonya, ikaanza upya. Alikuwa na uzito wa kilo 9.4 na himoglobini ya 5.9.

Kisa hiki tumekiunda kutokana na mambo yanayojirudia kliniki. Si historia ya mtoto mmoja anayeweza kutambuliwa, na majibu ya vipimo vya familia hii ni ya mfano. Yanayohusu jeni, dawa, maabara na tafiti ni halisi.

Kijitabu cha kliniki cha mtoto kilikuwa kimebeba dalili zote tangu mapema. Baada ya chanjo ya wiki ya 6 paja la kushoto lilivimba na kuwa gumu, likadhaniwa ni jipu, na bahati njema hakuna aliyelipasua. Wiki ya 10 na ya 14 mambo yakawa yaleyale. Alipoanza kutambaa alipata mavilio ya damu magotini, na mengine ya mviringo chini ya makwapa, pale watu wazima wanapomshika kumwinua. Mhudumu mmoja alimuuliza mama ni nani anayempiga mtoto. Swali hilo lina haki ya kuulizwa, kwa maana watoto hupigwa kweli, lakini lingetangulizwa na kipimo cha kuganda kwa damu mama huyu asingebeba miezi minne ya kutazamwa vibaya. Upande wa baba ulisema ugonjwa huu haujulikani kwao. Upande wa mama ulisema hivyohivyo, na wote wawili walikuwa wakisema kweli.

Vipimo vya damu

Chembe sahani zilikuwa 342,000 kwa mikrolita, na PT, kipimo kimojawapo cha muda wa damu kuganda, ilikuwa ya kawaida, sekunde 12.8. APTT, kipimo cha pili cha muda huo, ilikuwa sekunde 98, wakati mpaka wa juu wa maabara hiyo ni 36. APTT ndefu peke yake, kwa mtoto wa kiume anayevuja damu, inatosha kumfanya daktari aitibu kama hemofilia (ugonjwa wa jeni wa damu isiyoganda vizuri) siku hiyohiyo huku akisubiri majibu mengine.

Lakini kabla ya kuiamini APTT, tazama chupa. Chupa ya kifuniko cha buluu ina sitrati ya 3.2%, iliyopimwa kwa sehemu 1 kwa sehemu 9 za damu. Ikijazwa nusu, sitrati inazidi na APTT inarefuka bila ugonjwa wowote. Kwa watoto kosa hili hutokea mno, kwa sababu mshipa ni mwembamba na mtoaji damu huridhika na kile kidogo alichopata. Damu iliyopatikana kwa kuhangaisha sindano mshipani nayo huanza kuganda ndani ya chupa na kutoa jibu lisilotegemeka. Sampuli izungushwe kwenye mashine kwa nguvu ya mara 1,500 ya uvutano wa dunia kwa dakika 15 na ipimwe ndani ya saa 4. Tena, mtoto anayeshukiwa hivi asichomwe shingoni wala kinenani kutafuta mshipa mkubwa, kwa sababu damu inayovujia ndani huko haizuiwi kwa kukandamiza kidole.

Plazima (maji ya damu) ya mtoto ilichanganywa nusu kwa nusu na plazima ya watu wenye afya. APTT ikashuka hadi sekunde 37, na baada ya saa 2 kwenye joto la nyuzi 37 ikawa 38. Kwa hiyo kuna kitu kinachokosekana katika damu yake. Kingekuwa kizuizi kinachoharibu faktori (protini za kugandisha damu), mchanganyiko ungerefuka tena baada ya saa hizo mbili. Faktori IX ilikuwa 58%, faktori ya von Willebrand 94%, na faktori VIII chini ya 1%. Chini ya 1% ni hemofilia A kali. 1 hadi 5 ni ya wastani. Juu ya 5 hadi 40 ni nyepesi.

Matibabu ya siku ile yalikuwa ya hesabu rahisi. Yuniti 1 ya faktori VIII kwa kilo hupandisha kiwango kwa asilimia 2 hivi, kwa hiyo kufikia 50% ni 9.4 mara 50 gawanya kwa 2, yaani yuniti 235. Chupa ni ya 250, na hutumiwa yote. Kumwaga yuniti 15 za dawa adimu namna hii hakuna maana. Aliongezewa damu. Alipewa asidi ya traneksamiki, miligramu 25 kwa kilo, ambayo kwake ilikuwa nusu ya kidonge cha 500 kilichosagwa katika maji, mara tatu kwa siku kwa siku saba. Dawa hii ya bei nafuu ndiyo inayolinda bonge la damu mdomoni lisiyeyushwe na mate, na kuisahau ndiyo sababu kubwa ya watoto kurudi siku ya pili. Mahali pasipo na faktori hutumiwa krayopresipiteti, sehemu ya plazima yenye faktori VIII, ambayo mfuko mmoja una yuniti 70 hadi 80, ingawa kwa kawaida haijapitishwa katika hatua ya kuua virusi. Aspirini na ibuprofeni zikapigwa marufuku. Parasetamoli inaruhusiwa.

Jibu la jeni: "hakuna kasoro"

Sampuli ya DNA ilipelekwa kusomwa. Ekzoni zote 26 (vipande vyenye maelekezo ya protini) za F8, jeni ya faktori VIII, zilisomwa pamoja na kingo zake, na jibu likarudi kwamba hakuna badiliko lolote linalosababisha ugonjwa. Kipimo cha pili, cha kuhesabu nakala za kila ekzoni, kikasema hakuna iliyopungua wala kuongezeka.

Familia ilielewa kwamba ugonjwa huu hautoki kwenye jeni. Mama, aliyekuwa na mimba ya wiki 14, alielewa kwamba mtoto anayekuja hana hatari. Hayo mawili si kweli. Kwa mvulana mwenye faktori VIII chini ya 1%, F8 yenye ekzoni zote salama ni dokezo zito kwamba jeni imevunjika mahali ambapo kipimo hakitazami, na mahali pa kwanza pa kushuku ni introni ya 22.

F8 iko karibu na ncha ya mkono mrefu wa kromosomu X, mahali paitwapo Xq28. Ina urefu wa herufi 187,000 hivi, lakini ekzoni zake zote kwa pamoja ni kama herufi 9,000 tu. Zilizobaki ni introni, ambazo hukatwa na kutupwa kabla ya protini kutengenezwa. Introni ya 22 ndiyo kubwa kuliko zote, karibu herufi 33,000, na ndani yake kuna kipande cha herufi 9,500 kiitwacho int22h-1. Kipande hiki kina nakala nyingine mbili, int22h-2 na int22h-3, zilizoko nje ya jeni, umbali wa nusu milioni ya herufi hivi kuelekea nchani. Nakala hizi tatu zinafanana kwa zaidi ya 99%. Moja kati ya zile mbili za nje huwa imeelekea upande ulio kinyume na int22h-1, na huo ukinyume ndio chanzo cha ugonjwa wa mtoto huyu.

Mbegu za uzazi zinapotengenezwa, chembe hai huikata DNA yake makusudi sehemu nyingi, kisha huunganisha kwa kutafuta mfuatano unaofanana na ule uliokatika, ambao kwa kawaida uko kwenye kromosomu mwenza. Mtu akiambiwa ashuke kwenye duka la M-Pesa la kijani, katika barabara yenye maduka matatu ya kijani, atashuka pasipo pake ingawa maelekezo ameyafuata sawasawa. Mkato ukitokea ndani ya int22h-1 na ukarekebishwa kwa kutumia nakala iliyoelekea kinyume kwenye kromosomu ileile, kromosomu hujikunja kitanzi, ncha huungana kwa kubadilishana, na kila kilichokuwa katikati ya nakala hizo mbili hugeuzwa kichwa chini.

Yale yaliyokuwa katikati ni pamoja na ekzoni ya 1 hadi ya 22. Ekzoni ya 23 hadi ya 26 hubaki pale pale. Kwa hiyo sehemu ya mwisho ya jeni imetengwa na sehemu ya mwanzo kwa nusu milioni ya herufi, na sehemu hizo mbili zinasomeka kwa mielekeo inayopingana. Chembe hai huanza kusoma F8, ikifika mwisho wa ekzoni ya 22 haiikuti ya 23, na protini kamili haipatikani kamwe.

Hakuna herufi hata moja iliyopotea. Ndiyo maana kipimo cha kuhesabu nakala kilikuwa sawa, na usomaji wa ekzoni ulikuwa sawa pia, kwa sababu kila ekzoni ipo na imeandikwa vizuri. Mashine nyingi zinazotumika hospitalini husoma vipande vya herufi 150 hivi kisha programu huvipanga. Kipande cha herufi 150 kutoka ndani ya marudio ya herufi 9,500 hakina alama ya kusema kimetoka nakala ipi kati ya tatu, kwa hiyo programu hukiweka popote au hukitupa. Kuongeza usomaji mara mia hakusaidii kitu.

Tatizo hili lilishawasumbua watafiti kabla ya mwaka 1993. Maabara zilikuwa zikichunguza ekzoni zote za wagonjwa wa hemofilia A kali na kukosa jibu kwa karibu nusu yao. Kikundi cha Francesco Giannelli huko London kilitazama RNA (nakala ya jeni ambayo protini hutengenezwa kwayo) na kugundua kwamba kwa wagonjwa hao haiwezekani kuvuka kutoka ekzoni ya 22 hadi ya 23. Mwaka 1993 kikundi hicho, na kile cha Jane Gitschier kikishirikiana na Haig Kazazian na Stylianos Antonarakis, kilieleza mpinduko huu. Mwaka 1995 Antonarakis na wenzake wa nchi nyingi walikusanya wagonjwa 2,093 wa hemofilia A kali: 740 walikuwa na mpinduko wa aina ya kwanza, unaotumia nakala ya mbali, na 140 wa aina ya pili, unaotumia nakala ya karibu. Badiliko moja, linalozaliwa upya tena na tena katika familia zisizohusiana, lilieleza zaidi ya wagonjwa 40 katika kila 100. Hakuna badiliko jingine la F8 linalokaribia kiwango hicho, na marudio ndiyo sababu.

Mwelekeo wa marudio ndio unaoamua aina ya dhara. Nakala zilizoelekea kinyume hupindua. Zilizoelekea upande mmoja hukata au kurudufu. Marudio haya haya ya int22h yanapokutana katika mwelekeo mmoja, kipande cha nusu milioni ya herufi hurudufika, na wavulana wanaokirithi hupata upungufu wa uwezo wa kujifunza bila tatizo lolote la kuganda kwa damu. Hali hiyo ilielezwa mwaka 2011. Hapa Kenya mfano uliozoeleka zaidi ni wa alfa-thalasemia, upungufu wa kurithi wa himoglobini. Jeni mbili jirani za alfa-globini zimezungukwa na marudio yaliyoelekea upande mmoja, na kukatwa kwa herufi 3,700 kati yake kumeenea sana katika pwani, kwa kuwa wanaokibeba wanapungukiwa na hatari ya malaria kali. Haya yote yasichanganywe na magonjwa ya vijirudio vifupi, kama ugonjwa wa Huntington, ambamo herufi tatu CAG hurudiwa ndani ya jeni na mrudio huo hurefuka kutoka kizazi hadi kizazi, hata ukifika mara 40 au zaidi mtu huugua. Huko mlolongo unateleza unaponakiliwa. Hapa vipande virefu vilivyo mbalimbali vimedhaniwa kuwa kimoja.

Namna ya kuupata mpinduko

Maoni yetu ni kwamba kwa mvulana mwenye hemofilia A kali kipimo cha mpinduko ndicho cha kwanza, na usomaji wa ekzoni ni wa pili. Kinahitaji vifaa ambavyo maabara yoyote ya PCR (njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi) jijini inavyo, na kinaweza kuokoa gharama ya usomaji kwa karibu nusu ya familia.

Njia iliyotumika hapa ni PCR ya duara. Mililita 3 za damu huchukuliwa katika chupa ya EDTA, ile ya zambarau. Damu ya hepari huzuia PCR isifanye kazi. Mikrogramu 2 za DNA hukatwa kwa kimeng'enya BclI, ambacho hutafuta herufi TGATCA. Kisha vipande huunganishwa ncha kwa ncha kwa ligesi ya T4, usiku kucha kwenye nyuzi 15, katika ujazo mkubwa wa mikrolita 400 hivi. Wembamba huo wa mchanganyiko ni wa makusudi, ili ncha mbili za kipande kimoja zikutane zenyewe na kufanya duara kabla ya kukutana na ncha za kipande kingine. Mwisho hufanywa PCR yenye vianzio vitatu, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha mahali pa kunakili. Kromosomu X ya kawaida hutoa bendi (alama ya kipande kilichonakiliwa) ya herufi 487, iliyopinduka hutoa ya 333, na mwanamke anayebeba zote mbili hutoa bendi zote mbili.

Linaloharibika mara nyingi ni joto. BclI hufanya kazi kwenye nyuzi 50, na fundi aliyezoea nyuzi 37 za vimeng'enya vingine akiuacha mchanganyiko huko, DNA hukatwa nusunusu na bendi hazitokei. Saa nne kwenye nyuzi 50 pia hukausha mchanganyiko, kwa hiyo mashine yenye kifuniko cha moto inafaa kuliko bafu la maji. Kosa la pili ni kuunganisha katika ujazo mdogo kwa ajili ya kubana ligesi. Vipande vigeni huungana na bendi ya uongo inaweza kutokea. Kwa sababu hiyo kila zamu ya kipimo iwe na DNA ya mwanamume mzima wa afya, ya mgonjwa anayejulikana na ya mwanamke mbebaji, pamoja na chupa isiyo na DNA kabisa. Bendi ya 333 ikionekana kwa yule mwanamume wa afya, zamu nzima irudiwe.

Mtoto huyu aliongezewa damu, na chembe nyeupe za mchangiaji zinaweza kubaki mwilini kwa muda. Mvulana mwenye kromosomu X moja hapaswi kuonyesha bendi mbili. Akizionyesha, fikiria damu ya mchangiaji, sampuli zilizobadilishana, kromosomu X ya ziada, au urudufu wa kile kipande cha nusu milioni. Kuna jaribio la nyongeza kwenye maduara yaleyale ya DNA linalotenganisha mpinduko wa kweli na urudufu au ukatwaji usio na hemofilia, na pia linalobainisha aina ya kwanza na ya pili. Lifanyike kila mara mwanamke asiye na historia ya ugonjwa anapopatikana na bendi ya 333. Kwa mtoto huyu sampuli ilichukuliwa wiki sita baada ya kuongezewa damu, na bendi ilikuwa moja tu, ya 333.

Ipo njia nyingine ya PCR ndefu inayovuka marudio yote, yenye bendi za herufi 12,000, 11,000 na 10,000. Ni ya haraka, lakini inataka DNA isiyokatikakatika, na sampuli iliyogandishwa na kuyeyushwa mara kadhaa, au iliyotikiswa kwa nguvu, haitoi kitu. Mashine za nanopore, ambazo Kenya ilizitumia kusoma jeni za virusi vya Korona, zinaweza kusoma kipande kimoja kilicho kirefu kuliko marudio yenyewe na kuonyesha moja kwa moja kilichoungana na nini. Nazo zinadai DNA iliyotolewa kwa upole.

Kama bendi ya 333 isingetokea, kingefuata kipimo cha mpinduko wa introni ya 1. Huo nao hutokana na marudio, mafupi zaidi, ya herufi 1,000 hivi, yenye nakala yake herufi 140,000 nje ya jeni, na huonekana kwa wagonjwa wachache katika kila 100.

Badiliko lilianzia kwa nani

Mama alikuwa na bendi zote mbili. Ni mbebaji. Faktori VIII yake ilikuwa 61% na hajawahi kuvuja damu kupita kiasi, jambo linaloonyesha kwamba kiwango cha kawaida hakimwondoi mwanamke kwenye orodha ya wabebaji. Katika mkusanyo ule wa 1995, akina mama 98 katika kila 100 wa watoto wenye mpinduko walikuwa wabebaji.

Wakwe walipopata habari hiyo walisema, "Basi ni yeye." Ndipo tukaona ni lazima kurudi kizazi kimoja nyuma, kwa faida ya dada zake, na pia kwa haki yake yeye.

Bibi mzaa mama alipimwa akawa na bendi ya 487 peke yake. Babu alishafariki, naye katika maisha yake aling'olewa meno na kufanyiwa upasuaji wa ngiri bila tatizo. Mama mkubwa na mama mdogo wa mtoto walikubali kupimwa, na wote wawili walikuwa na 487 tu. Kisha vikatumika vijirudio vifupi vya herufi CA vilivyomo ndani ya F8 yenyewe, kimoja katika introni ya 13 na kingine katika introni ya 22, ambavyo urefu wake hutofautiana kati ya mtu na mtu na hivyo hutambulisha kromosomu. Katika introni ya 13 bibi alikuwa na urefu wa 20 na 21. Mtoto mgonjwa, mwenye X moja tu, alikuwa na 19. Mama mkubwa na mama mdogo wote wawili walikuwa na 19 pamoja na mmoja wa urefu wa bibi. Mwanamume huwapa binti zake wote X ileile, kwa hiyo 19 ni ya babu. Introni ya 22 ilitoa picha hiyohiyo, na ni muhimu kutumia alama mbili kwa kuwa kijirudio kimoja kinaweza kuruka hatua moja chenyewe.

X iliyopinduka, basi, ni ya babu, mtu ambaye damu yake iliganda vizuri hadi mwisho wa maisha yake, na aliyewapa binti wengine wawili X hiyohiyo ikiwa nzima. Mpinduko ulitokea katika mbegu yake moja. Hili si la ajabu. Mwaka 1995, katika familia 70 ambazo chanzo kilifuatiliwa, 69 badiliko lilianza katika mbegu za mwanamume na 1 tu katika yai. Kwa mwanamke X mbili hujipanga sambamba urefu wote, na mkato hupata mwenza wa kweli karibu. Kwa mwanamume X haina mwenza isipokuwa Y, inayolingana nayo kwenye vipande vifupi vya ncha mbili tu, na F8 haimo katika vipande hivyo. X ikiwa haina wa kujipanga naye, iko huru kujikunja juu yake yenyewe. Lawama kwa babu nayo haina mahali: mbegu hiyo haikuharibiwa na chakula, dawa, pombe wala laana.

Kwa mama mkubwa na mama mdogo jibu hili ni la kudumu. Wao si wabebaji, na wana wao wa kiume hawahitaji kuogopewa tohara wala kung'olewa jino kwa sababu ya kisa hiki. Uwezekano mdogo unabaki kwamba babu alikuwa na mbegu zaidi ya moja zenye mpinduko. Ndiyo sababu dada mwingine yeyote naye apimwe mwenyewe, asihukumiwe kwa majibu ya wenzake.

Mpango wa mtoto na wa mimba

Mpinduko huu hauachi faktori VIII inayofanya kazi, kwa hiyo hatutarajii ugonjwa upungue akikua. Kinga ya kila wiki ni bora kuliko kungoja avuje damu kwenye viungo. Emisizumabu, dawa inayoshika nafasi ya faktori VIII, inapopatikana huchomwa chini ya ngozi: miligramu 3 kwa kilo kila wiki kwa wiki nne, kisha 1.5 kwa kilo kila wiki, au dozi kubwa zaidi kwa vipindi virefu zaidi. Dawa hiyo hufupisha APTT hata kama damu bado si salama, na maabara isiyojulishwa itaandika kwamba mtoto amepona. Jina la dawa liandikwe kwenye kila fomu ya kipimo.

Vizuizi dhidi ya faktori VIII viliwapata 20% ya wagonjwa wenye mpinduko katika takwimu za 1995. Hatari iko zaidi katika siku 50 za kwanza za kutumia faktori, kwa hiyo kila siku aliyochomwa faktori iandikwe, na kipimo cha Bethesda, kinachopima vizuizi, kifanyike mapema iwapo dozi iliyokuwa ikitosha haitoshi tena. Chanjo zisisimamishwe: sindano nyembamba, kisha kukandamiza kwa dakika 10 bila kusugua.

Kwa mimba, kila mwana wa kiume ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuugua, na kila binti nusu kwa nusu ya kuwa mbebaji. Faktori VIII ya mama hupanda yenyewe ujauzito unavyokua, kwa hiyo ipimwe kati ya wiki ya 28 na 34 ili ijulikane kama ni salama kuchomwa ganzi ya mgongo. Picha ikionyesha mvulana, ajifungulie kwenye hospitali yenye faktori ghalani, bila kikombe cha kuvuta kichwa wala koleo, na bila waya wa kuchomekwa kichwani mwa mtoto. Mkunga achukue damu ya kitovu kwenye chupa ya buluu, ijazwe hadi mstarini, ipelekwe kupimwa faktori VIII papo hapo; kwa mtoto mchanga asiye na hemofilia faktori hii iko katika kiwango cha mtu mzima, kwa hiyo jibu linaaminika siku ya kwanza. BCG ichomwe kama kawaida kwa kuwa ni ya ndani ya ngozi. Vitamini K ya msuli ingoje jibu hilo, au itolewe kwa mdomo. Faktori ikiwa juu ya 40%, vitamini K ichomwe siku hiyohiyo.